Nani Alimvusha Nils

Haya ni kweli tupu, tangu neno la kwanza hadi nukta ya mwisho. Mzee Mwinjaka ameapa, na anayeandika naye ameapa, na kwa kuwa wawili hao wanavaa miwani moja, wanalalia mto mmoja na wanaumwa jino lilelile la upande wa kushoto, kiapo kimoja kinawatosha. Asiyesadiki na aende kwenye Foleni akaulize. Waliokuwepo bado wapo, maana pale mtu hana pa kwenda. Wakisema vingine, basi waongo ni wao, na Mzee Mwinjaka amekwisha kuwasamehe.

Foleni ilianzia mahali ambapo hakuna aliyepakumbuka, ikaishia mlangoni. Mlango wenyewe ulikuwa wa mbao, wa kawaida, kama wa stoo, nao haukuwa na ukuta kulia wala kushoto. Ungeweza kuuzunguka ukaona kilichoko nyuma yake, na wengi walikwisha kuuzunguka, wakaona majani makavu na mbuzi mmoja, wakarudi kwenye nafasi zao kimyakimya. Kuuzunguka si kuupita. Aliyeupita aliingia kwenye Pumziko. Hakuna aliyewahi kutoka kueleza Pumziko likoje, lakini kila mtu alilitamani kama unavyotamani kuvua kiatu kilichokubana tangu alfajiri. Jua lilisimama saa nne asubuhi. Watu walizeeka chini yake, wengine wakarudi ujana kidogo, wakachoka nao, wakazeeka tena. Saa ilikuwa nne.

Mbele ya mlango alikaa Bawabu, mama wa makamo mwenye kalamu sikioni na ungo mapajani, akichambua mchele usiokwisha wala usiopikwa. Kila aliyemfikia aliulizwa swali moja: nani alikuvusha? Kwani katika ulimwengu ule hakuna aliyeota pale alipo kama uyoga. Kila ukoo ulikuwa umetoka ng'ambo ya maji fulani, na kila mtu alitakiwa amtaje yule aliyeuvusha ukoo wake, na aeleze safari ilivyokwenda. Safari ikipatana na Orodha, mlango ulifunguka. Ikigombana nayo, mtu alirudi mkiani. Kutoka mkiani hadi mlangoni ni umri mzima, na wengine walihitaji umri wa jirani pia.

Siku moja mwalimu mmoja wa hesabu alithubutu kuuliza. "Na wewe, Bawabu, nani alikuvusha?"

"Mimi sikuvuka," Bawabu akajibu, akitupa chuya. "Mimi niliwekwa."

Mzee Mwinjaka alilitafuna jibu hilo kwa miaka. Aliyewekwa humwuliza aliyevuka. Aliyevuka hamwulizi aliyewekwa. Labda hiyo ndiyo serikali, alijiambia, na yaliyobaki ni mihuri tu. Lakini alikuwa mstaafu, na mstaafu akishagundua jambo kubwa kama hilo hulala.

Kabla ya kustaafu alikuwa mpaka rangi. Aliandika majina ya wasafiri kwenye masanduku yao, na kwa kuwa hakwenda shule, masanduku ndiyo yaliyomfundisha kusoma: kwanza majina, kisha miaka, kisha tabia za watu, kwani mtu huonekana kwa jinsi anavyofunga kamba. Kwenye Foleni kipaji hicho kilimpa kazi mpya. Waliochoka miguu walimtuma Nyumba ya Orodha, zilikowekwa karatasi za meli zote, akawatafutie wahenga wao. Aliacha kandambili yake moja imshikie nafasi, akaenda akichechemea, akarudi na safari. Na safari zake, jamani, zilikuwa na wanga na mchuzi. Babu wa fulani alimpiga papa ngumi. Bibi wa fulani aliwazaa pacha wakati wa kimbunga, mmoja kila upande wa ikweta. Watu walizikariri huku wakilia.

Yake mwenyewe hakuijua. Alikuwa ameyapekua makaratasi yote na hakumwona aliyemvusha yeye. Hilo hakumwambia mtu.

Mbele yake, akiwa wa kwanza kabisa mlangoni, alikuwa Bi Borghild, ajuza mrefu wa mifupa mikubwa, aliyezaliwa kwenye nchi tambarare ya ngano huko Marekani. Alikalia sanduku la mbao lenye maua mekundu yaliyopauka na maandishi, *Lars Olsen Bakken, 1866*, na kila Foleni iliposogea alilisukuma hatua moja, akakaa tena, akashusha pumzi kama gunia linalowekwa chini. Miguu yake ilikuwa imevimba ikawa kama ya mtu mwingine.

"Baba wa babu yangu aliitwa Nils, mwana wa Lars," alimwambia Mzee Mwinjaka. "Walitoka Norwei. Basi. Zaidi ya hapo sijui."

"Hukusimuliwa?"

"Kwetu watu hawasemi, mzee. Babu yangu alisema maneno kumi kwa mwaka, na sita kati ya hayo aliwaambia ng'ombe."

"Na manne?"

"'Funga mlango, baridi inaingia.'"

Mzee Mwinjaka akacheka hadi jino likamwuma. Bi Borghild hakucheka. Alimshika mkono. "Nenda kaniangalizie. Mimi mwenyewe sifiki. Nikirudishwa nyuma, sitasimama tena. Nitakufa nje ya mlango, na sijui kama huku mtu akifa anapata hata hilo la kulala."

Akaacha kandambili. Akaenda.

Nyumba ya Orodha ilikuwa na harufu ya chumvi na panya. Alikuta ukurasa. Meli ya milingoti mitatu, iliyochukua watu kwenda na mbao kurudi. Kila familia na chakula chake cha wiki kumi: mikate mikavu myembamba kama karatasi, nyama ya chumvi, jibini, maziwa yaliyoganda kwenye kasiki. Lars Olsen, miaka thelathini na minne. Marit, mkewe. Nils, mwana wao, miaka miwili. Na kando ya Nils kulikuwa na msalaba mdogo uliochorwa kwa haraka na mtu aliyekuwa na mengine mengi ya kuchora, na maneno haya: *siku ya thelathini na moja*.

Mzee Mwinjaka akakifunga kitabu. Hakusoma zaidi.

Miaka miwili. Mtoto. Kafa. Sasa huyu bibi ni kitukuu wa nani? Mtu aweza kutokana na mtoto aliyezama? Basi Borghild hayupo. Yupo, anavimba miguu, anashika mkono wa mtu ukauma, na hayupo. Nimwambie? Bibi, nimekuta kwamba huna mwanzo. Nimwambie hivyo kabla ya chai au baada? Na mimi nisiye na mwanzo, mimi ni nani nikamwambie? Hapana. Maji hayana kaburi, na yasiyo na kaburi yanaweza kuandikwa upya. Miwili. Nikiandika mbili nyingine mbele yake, inakuwa ishirini na miwili. Kijana. Ana ndevu. Tayari anapanda mlingoti.

Huko njiani alikuwa anafikiri, kwa uchovu wa mtu aliyefikiri hivyo mara mia, kwamba wahenga hawatuzai sisi. Sisi ndio tunaowazaa, tena kwa uchungu, tukiwa wazee, bila mkunga. Twawavisha nguo, twawapa vifua vipana, twawapandisha juu ya mawimbi ambayo wao waliyapita wamelala chini wakitapika. Kisha twasimama mbele ya mlango na kusema, huyu ndiye baba yangu, wakati ukweli ni kwamba huyu ni mwanangu, nimemzaa jana, bado ana unyevu. Labda ndiyo maana tumechoka hivi. Nani asingechoka, kila siku kuwazaa watu wazima?

Aliporudi alimkuta Bi Borghild ameishika ile kandambili kifuani kama mtu aliyeambiwa asiiangushe.

"Umemwona?"

"Nimemwona," akasema Mzee Mwinjaka, na hapo hakudanganya.

Kisha akaanza. Nils alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili. Siku ya thelathini na moja bahari ilichafuka. Nahodha alipiga magoti, akaacha usukani. Nyangumi mwenye ukubwa wa kanisa akaja akaiweka meli mgongoni kwa hasira, na Nils akapanda mlingoti na kipande cha mkate mkavu mdomoni, akamwimbia yule nyangumi wimbo wa kulaza ndama, hadi nyangumi akaona haya, akaishusha meli polepole kama mtu anavyoshusha dumu la maji kichwani.

"Aliimba?" akauliza Bi Borghild.

"Mbona! Sauti nzito hiyo."

"Kwetu watu hawasemi, halafu huyu aliimba." Akaipapasa miguu yake. "Haya. Nimechoka kutojua. Nitaichukua."

Zamu ikafika. Bawabu aliinua macho kutoka kwenye ungo. "Njoo, mama. Nani alikuvusha?"

Bi Borghild akasimama, mkono mmoja juu ya sanduku. Akasema yote kama alivyopewa, neno kwa neno, kwa ile sauti ya watu wasiosema, hata nyangumi mwenyewe alionekana mnyonge. Alipofika kwenye mlingoti, mchungaji wa yule mbuzi aliyekuwa anapita nyuma ya mlango alisimama kusikiliza. Alipofika kwenye wimbo, Bawabu alikuwa ameacha kuchambua.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Pole, mama." Bawabu akaivuta nakala yake ya Orodha kutoka chini ya kigoda, akalamba kidole, akafunua. "Nils wa Lars wa Bakken. Miaka miwili. Alikufa siku ya thelathini na moja, akazikwa majini." Akaunyoosha mkono kuelekea kule Foleni ilikotokea, kule ambako watu walikuwa wadogo kama punje, na nyuma yao punje nyingine, na nyuma yao vumbi. "Mkiani."

Bi Borghild akageuka kutazama. Hakulia. Alitazama umbali kama mkulima anavyotazama shamba analotakiwa kulima peke yake, kisha akatazama miguu yake, kisha akainama kulishika sanduku ili aligeuze. Halikugeuka. Akajaribu tena.

Hapo ndipo Mzee Mwinjaka alipogundua kwamba mdomo wake unasema kitu ambacho hakukitunga.

"Mwache. Huo uongo ni wangu."

Bawabu akatoa kalamu sikioni. "Sema tena, babu. Masikio yangu yana pumba."

"Niliuona ule msalaba. Niliona miaka miwili. Nikamtia ndevu." Akamgeukia ajuza. "Bibi, nisamehe. Sikutaka umwone babu yako akizama. Nilidhani ukijua kwamba Nils alikufa mtoto, utajiona huna ulikotoka."

Bi Borghild akaliachia sanduku. Akalikalia. Mabega yake yakaanza kutikisika, na ilichukua muda watu kutambua kwamba anacheka, kicheko kikavu kama mkate wa kwao.

"Ewe mzee mjinga," akasema. "Mjinga kabisa. Mwenye rangi zako na nyangumi zako. Ungeniambia tu kwamba alikufa, ningejua hapohapo."

"Ungejua nini?"

"Kwetu mtoto wa kiume akifa, wa kiume anayezaliwa baada yake hupewa jina lilelile. Wa kike, vivyo hivyo. Mama yangu ni Anna wa tatu. Jina haliachwi lilale peke yake. Nils aliyekufa ndiye anayenionyesha kwamba kulikuwa na Nils mwingine nyuma yake." Akamgeukia Bawabu, na sauti yake sasa haikuwa ya kukariri. "Binti yangu, umenisomea mstari wa Nils. Nisomee wa mama yake."

"Hakuna anayeuomba huo."

"Mimi nauomba."

Bawabu akarudi kwenye karatasi, akaisogeza karibu na pua. "Marit. Mkewe Lars. Miaka ishirini na tisa." Kidole kikashuka mstari. "Kuna maneno ya tabibu wa bandarini, siku waliyoshuka. *Mjamzito. Mwezi wa saba.*"

Mzee Mwinjaka akaketi vumbini kusikiliza.

Bi Borghild hakuwa na haraka. Alisema kama anayeona. "Basi nani alinivusha, sasa najua. Marit alipanda melini na mtoto mmoja mkononi na mwingine hajajijua. Alipika sitahani kwa zamu, kwenye moto uliofungiwa ndani ya sanduku la mchanga, akigombana na wanawake wengine kwa ajili ya nafasi ya sufuria. Mikate ikaota ukungu, akaukwangua kwa kisu. Siku ya thelathini na moja wakamshonea mtoto kipande cha tanga, wakatia mawe miguuni. Baada ya hapo alirudi kwenye zamu yake ya kupika, maana Lars alitakiwa kula. Na wakati wote huo mwingine alikuwa anakua ndani yake, gizani, bila dirisha, bila kuona bahari hata siku moja. Nils wangu alivuka maji yote yale na hakuyaona. Hakupanda mlingoti. Yeye alipandwa. Aliyenivusha ni Marit, na tangu nizaliwe sijawahi kulisikia jina lake mezani kwetu."

Bawabu alichukua kalamu, akaandika jambo kando ya mstari wa Marit, akapuliza wino. Mlango ukalia, ukafunguka. Waliokuwa karibu walijaribu kuchungulia, wakaona majani makavu na mbuzi, kwani wao hawakuwa wanapita.

Bi Borghild akasimama bila kulitazama sanduku. Akapiga hatua, kisha akasita.

"Mzee Mwinjaka."

"Naam, bibi."

"Ile ya nyangumi ilikuwa nzuri. Ila ilinichosha kuibeba."

Akaingia. Mlango ukafungwa. Alikumbuka kuuvuta mwenyewe kwa nyuma, vizuri, kama mtu aliyelelewa kwenye baridi.

Sasa zamu ilikuwa ya Mzee Mwinjaka. Hatua moja. Alikuwa ameingoja kwa miaka mingi kuliko meno aliyobakiwa nayo. Akainuka, akajifuta vumbi, akamkabili Bawabu, na kwa mazoea tu kinywa chake kikafunguka na ndani yake kukawa na babu aliyevuka juu ya mgongo wa kasa.

"Usithubutu," akasema Bawabu.

Kinywa kikajifunga.

"Njia ya mwongo ni fupi, mzee wangu. Yako tutairefusha. Utakwenda mkiani. Na si hivyo tu. Wote uliowapa safari za kutunga wako kwenye foleni hii, wanakuja kwangu mmojammoja na papa zao na pacha zao, na mimi nitawarudisha mmojammoja, na wewe utakuwa umewaua miguu. Kwa hiyo huko unakopita, simama kwa kila mmoja, umnyang'anye ulichompa."

"Wote?"

"Umewahesabu wewe, si mimi."

Akaokota kandambili yake. Akaanza kurudi.

Wa kwanza alikuwa yule mwalimu wa hesabu. "Mwalimu, babu yako hakumpiga papa ngumi."

"Alifanya nini?"

"Alitapika. Wote walitapika."

Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Nilikwisha kuwaambia wanangu," akasema.

Wa pili alimtukana. Wa tatu akamwomba amwachie angalau kimbunga, hao pacha awachukue. Mzee Mwinjaka akachukua vyote. Mama mmoja mwenye shela la buluu alizibana mbavu zake kwa mikono miwili kana kwamba safari yake imefichwa humo, akasema, "Ya kwangu huigusi, mzee. Hata kama ni ya uongo, nimeinyonyesha," naye ikabidi asimame pale kwa muda ambao saa nne haikuupima, hadi yule mama mwenyewe alipoilegeza. Alizidi kwenda. Kila alichokitwaa kilikuwa chepesi kilipotoka kinywani mwake zamani, na sasa kilikuwa kizito: papa, vimbunga, manahodha wanaolia, nyota zilizoshuka kuonyesha njia, vyote mgongoni, mpaka akawa anatembea ameinama kama kuli. Watu waliomwita babu walianza kumwita "yule". Waliomwita "yule" wakaacha kumwita.

Akafika mkiani. Wa mwisho alikuwa bwana mmoja mfupi aliyevaa kofia ya sufu, mgeni, mwenye macho mekundu ya safari ambayo bado hakuwa na habari nayo. Alimpisha Mzee Mwinjaka kwa adabu asimame nyuma yake.

"Shikamoo, mzee. Nimesikia kuna mtu humu anayejua safari za watu. Wanasema ni fundi kweli. Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi."

"Basi nisaidie. Nani alinivusha?"

Mzee Mwinjaka alimtazama yule bwana, kofia yake, namna alivyofunga kamba ya mzigo wake. Fundo moja lingemtosha kuanzia. Tayari kulikuwa na barafu, na dubu, na ufunguo uliomezwa na samaki. Alivisikia vikisukumana nyuma ya meno, vikitaka kutoka.

"Sijui," akasema.

"Na wewe, nani alikuvusha?"

"Sijui pia."

Yule bwana akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepokea kitu asichotarajia na ambacho hata hivyo ni chake. Mbele, mbali sana, Foleni ikasogea. Msogeo huo ukachukua muda mrefu kuwafikia. Ulipofika, wakapiga hatua yao moja, kwanza mmoja, kisha mwingine.